Vibarua Wamejaa Langoni, Mafundi Hawapatikani

KWA MHARIRI,

Gazeti lako, sawa na magazeti mengine ya nchi hii, huchapisha habari mbili ambazo wakati mwingine hukaa katika ukurasa mmoja bila mtu kuuliza zinawezaje kuwa kweli kwa pamoja. Ya kwanza ni ya vijana wengi wasio na kazi. Ya pili ni ya wanakandarasi wanaolalamika kwamba hawapati mafundi. Mimi husimamia ujenzi wa majengo hapa Nairobi, na nimeifanya kazi hiyo kwa muda wa kutosha kuzijua saiti za Eastlands na zile za Kilimani. Ninathibitisha kwamba habari zote mbili ni za kweli. Kabla ya saa moja asubuhi, kwenye lango la mradi wowote mkubwa, utawakuta wanaume na wanawake wakimngoja nyapara aje awachague, na wengi wao hurudi nyumbani mikono mitupu. Ndani ya lango hilohilo, mhandisi anapiga simu huku na huku akitafuta fundi wa vyuma anayeweza kusoma ramani, na huenda akamtafuta wiki nzima.

Hoja yangu ni kwamba njia ambayo mtu wa mkono, yaani kibarua anayemsaidia fundi, alikuwa akiipitia kazini hadi akawa fundi imekatika, na imekatika kwa sababu ya namna tunavyoilipa kazi ya ujenzi. Vyuo vikiongezwa bila kuigusa sababu hiyo, tutapata vyeti vingi na mafundi wachache.

Kwanza tuelewane kuhusu upungufu wenyewe, kwa kuwa hauko sawa katika kila kazi. Fundi wa kujenga ukuta wa mawe ya Ndarugo hapatikani kwa shida kubwa. Ukimkosa Githurai utampata Kayole. Wapaka rangi wapo wa kutosha, ingawa wazuri ni wachache. Taabu huanza jengo linapopita ghorofa nne au tano, na siku hizi Nairobi inajenga kwenda juu. Hapo unahitaji fundi wa vyuma anayejua kwamba ringi ya nguzo, kile chuma chembamba kinachovizunguka na kuvishika vyuma vya nguzo, haikunjwi ovyo na kwamba maungio ya vyuma hayawekwi yote mahali pamoja. Unahitaji seremala wa kutengeneza fomu za kumwagia zege, anayeelewa ni lini nguzo za kuegemeza slabu zinaweza kuondolewa na ni lini haziguswi hata mwenye jengo akipiga kelele. Unahitaji fundi wa mabomba aliyezoea mifumo ya maji yenye shinikizo, fundi wa stima mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, fundi wa kuzuia maji yasipenye kwenye paa na kwenye maegesho yaliyo chini ya ardhi, na mwendeshaji wa kreni ambaye huna haja ya kumwombea dua kila asubuhi. Hao ndio hawapatikani. Katika saiti ninazozijua, walio bora miongoni mwao wamepita umri wa miaka hamsini, na ninapowauliza ni nani wanayemfundisha, jibu huwa ni kicheko. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, lakini mwenye ujuzi huzeeka, tena mapema akiwa amebeba vyuma begani tangu ujanani.

Zamani fundi alipatikana vipi? Kijana alianza kama mtu wa mkono. Alikoroga saruji na mchanga, akabeba mawe, akachota maji. Baada ya miezi kadhaa alikuwa amejua, bila kufundishwa na yeyote, udongo uliokorogwa vizuri unavyokaa juu ya mwiko. Wakati wa chakula cha mchana, fundi akiwa amejinyoosha kivulini, kijana alichukua mwiko huo akajaribu kupanga mawe mawili matatu kwenye ukuta wa ndani ambao plasta ingeuficha. Fundi akirudi aliyatazama, akayabomoa, akamwonyesha jinsi ya kuvuta uzi na kutega timazi, kisha akamwacha ajaribu tena. Msimamizi aliona na kunyamaza, kwa sababu fundi alilipwa kwa siku na mawe mawili yaliyobomolewa hayakumpunguzia mtu mkate wake. Hakuna aliyeuita utaratibu huo mafunzo, na haukuandikwa popote, lakini nusu ya mafundi wazee wa mji huu walitokea huko.

Leo kazi nyingi hulipwa kwa kipimo. Anayejenga ukuta hulipwa kwa futi au kwa mita, anayefunga vyuma hulipwa kwa tani, anayepiga plasta hulipwa kwa mita mraba. Mwanakandarasi humpa mtu mmoja kazi yote ya mikono, mtu huyo huigawa kwa vikundi vidogo, na kila kikundi hukimbia ili kimalize kabla ya Jumamosi, siku ya malipo. Simlaumu anayelipa hivyo, kwa kuwa amejikinga na uvivu na anajua mapema kazi itamgharimu pesa ngapi. Lakini tazama linalomfika mwanafunzi. Kila jiwe analolipanga kijana kwa kujaribu ni dakika zilizotoka katika mfuko wa fundi, na kila jiwe linalobomolewa ni hasara ya fundi mwenyewe. Fundi mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba Mathare hawezi kuwa mwalimu wa bure. Kwa hiyo mtu wa mkono hubaki mtu wa mkono. Nimewaona waliokaa miaka saba katika kukoroga na kubeba, kisha wakaondoka kwenda kuendesha bodaboda, na sikuwa na neno la kuwazuia.

Sheria nayo imeachwa nje ya lango. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, pamoja na haki zinazoambatana na ajira hiyo. Jengo la ghorofa kumi halimaliziki kwa miezi mitatu. Hata hivyo ni wachache mno ninaowajua waliowahi kuhesabiwa hivyo, kwa sababu kikundi hubadilishwa, jina hufutwa daftarini, na mkuu wa kikundi hana ofisi wala anwani ambako mtu anaweza kudai haki yake. Mwajiri asiyejua kama kijana atakuwepo wiki ijayo hana sababu ya kumfundisha chochote. Kijana naye, akijua kwamba Ijumaa anaweza kuambiwa asirudi, hana sababu ya kujifunza.

Jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalihusishi na upungufu wa mafundi ni malimbikizo ya madeni ya serikali kuu na ya kaunti. Mwanakandarasi asiyelipwa kwa miezi mingi husimamisha kazi. Kikosi alichokiunda kwa taabu, mafundi na watu wao wa mkono ambao tayari wamezoeana, hutawanyika. Wengine hurudi mashambani, wengine hupata kazi ya ulinzi, na wachache hurudi mradi unapofufuliwa. Kila mradi unapokwama huwa tumevunja darasa lililokuwa likiendelea, ingawa katika ripoti huandikwa tu kwamba kazi imechelewa.

Najua nitaambiwa kwamba suluhisho ni vyuo, na kwamba serikali imejenga vyuo vingi vya kiufundi katika miaka ya karibuni. Vyuo vinahitajika. Nchi hii ililiona jambo hilo tangu miaka ya sitini, makanisa yalipoanza kuhimiza vyuo vya ufundi vya vijijini kwa ajili ya vijana waliomaliza shule ya msingi bila mahali pa kwenda, na Katiba ya 2010 ikaviweka vyuo hivyo mikononi mwa kaunti. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 nao ulikusudiwa kuwapa watoto ujuzi wa mikono, lakini shule nyingi hazikupata karakana wala vifaa, na wazazi wakabaki na kumbukumbu ya mtoto kuagizwa mbao na misumari. Halafu tukazipandisha hadhi taasisi zilizokuwa zikitoa mafundi mchundo. Kenya Polytechnic ya hapa mjini, iliyoanza mwaka 1961, ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya mwaka 2013. Sina ugomvi na shahada. Nina wahandisi wachanga ninaowaheshimu sana. Ila mhandisi hafungi vyuma, na jengo lenye wahandisi watatu na fundi mmoja haliinuki.

Tatizo la vyuo tulivyonavyo ni umbali wake na saiti. Mwanafunzi hujenga ukuta wa mazoezi, ukapimwa, ukabomolewa, mawe yakatumiwa tena na darasa linalofuata. Hiyo ni hatua njema ya kuanzia. Lakini hajawahi kusimama kwenye jukwaa la ghorofa ya sita upepo ukivuma, wala kuamua la kufanya lori la zege linapowasili huku mvua ikianza kunyesha. Anapokuja kwetu kwa mafunzo ya nyanjani, mara nyingi hupewa kazi ya kuhesabu mifuko ya saruji stoo, kwa sababu hakuna aliyetengewa muda wala malipo ya kumfundisha, na msimamizi anaogopa kwamba akiumia itakuwa kesi. Miezi mitatu ikiisha, fomu yake hupigwa muhuri. Ninasema hivi nikijua kwamba mihuri mingine ni ya watu wa cheo kama changu.

Kuhusu vyeti, taasisi tunazo. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na miongoni mwa majukumu yake ni kuwatambua rasmi mafundi na wasimamizi wa saiti. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Upo pia utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita darasani, na kwa maoni yangu huo ndio mlango muhimu kuliko yote, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafundi wetu wameshajua kazi na wanachokosa ni karatasi. Ila fundi anayelipwa kwa kipimo akikosa kazi siku mbili tatu ili akatahiniwe, hupoteza pesa za chakula, na kisha hurudi na cheti ambacho hakimwongezei hata shilingi kumi, kwa sababu mkuu wa kikundi hulipa futi, halipi daraja. Ndiyo maana nimekutana na vijana waliofanya kazi kwenye Nairobi Expressway, barabara ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022, wakajifunza mambo ambayo hayafundishwi katika chuo chochote hapa nchini, wakaondoka bila kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba walikuwepo.

Gharama ya haya yote haionekani siku jengo linapozinduliwa. Huonekana taili zinapobanduka, maji yanapopenya ukutani, mlango usipofunga, na mpangaji anapoambiwa kwamba nyumba mpya ndivyo zilivyo. Mara nyingine huwa kubwa kuliko hapo. Katika mtaa wa Huruma hapa Nairobi, Aprili 2016, jengo lilianguka usiku wa mvua na kuua makumi ya watu. Si haki kumtwika fundi msiba ule, maana jengo lilikuwa kando ya mto na halikuwa na idhini, na aliyeamua lijengwe hivyo hakushika mwiko. Hata hivyo kila anayefanya kazi hii anajua kwamba fundi mwenye ujuzi na mwenye ajira ya uhakika ndiye mtu wa kwanza anayeweza kukataa. Zege hupimwa nguvu zake kamili baada ya siku 28 na huhitaji kumwagiliwa maji siku za mwanzo. Mwenye jengo mwenye haraka akisema ghorofa ya juu ianze wiki hii, kibarua wa siku moja atasema ndiyo, mzee.

Sasa nipendekeze. Serikali inajenga nyumba za bei nafuu kwa pesa zinazotoka kwa wafanyakazi, asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mmoja na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri, chini ya sheria ya mwaka 2024. Nyumba nyingi kati ya hizo ziko hapa Nairobi, Mukuru, Shauri Moyo, Starehe na kwingineko. Hakuna mahali pengine nchini ambapo kazi za aina moja zinarudiwa mara nyingi hivyo katika uwanja mmoja, na kurudia ndiko kunakomfanya mtu kuwa fundi. Kijana anayefunga vyuma vya nguzo zinazofanana kuanzia ghorofa ya chini hadi ya juu atatoka akiijua kazi hiyo, mradi awepo wa kumwonyesha.

Kwa hiyo naomba kipengele kimoja kiongezwe katika zabuni za miradi hiyo. Katika ile orodha ya kazi na bei ambayo sisi huiita BQ, uwekwe mstari wa wanagenzi, wenye kiasi chake cha pesa, kama ulivyo mstari wa ulinzi, wa maji ya saiti na wa vyoo. Wanakandarasi wataelewa ninachosema: katika mkataba, kilichowekewa bei hufanywa, na kilichoachwa kama wosia katika masharti ya jumla husahaulika kabla msingi haujachimbwa. Mstari huo ulipe posho ya mwanagenzi na bima yake, na ulipe pia nyongeza kwa fundi anayemfundisha, ili futi anazopoteza kwa kumwelekeza mwenzake zirudi kwa njia nyingine. Kwa kila mafundi watano awepo mwanagenzi mmoja. Idadi hiyo haitavuruga kazi. Watahini waje saiti badala ya fundi kwenda kwao, na waje mara mbili, katikati ya mradi na karibu na mwisho, wawatahini wanagenzi pamoja na mafundi wakongwe wasio na vyeti. Malipo ya awamu yasiidhinishwe kabla daftari la wanagenzi kukaguliwa, kama vile zege inavyokaguliwa.

Masharti ya aina hii hayatakuwa mageni. Katika miradi hiyohiyo, serikali imekwisha kuagiza milango inunuliwe kutoka kwa mafundi wa jua kali, na wanakandarasi wamenunua bila mbingu kuanguka. Ikiwa mlango unaweza kuandikwa katika mkataba, na kijana wa Mukuru anaweza.

Baadhi ya wenzangu hupinga wakisema kwamba ukimfundisha mtu, jirani atamnyakua kwa kumwongezea shilingi mia mbili. Ni kweli, na ndiyo sababu mzigo huo haufai kubebwa na mwanakandarasi mmoja mmoja. Uingereza ilikabiliana na tatizo hilo mwaka 1964 kwa kuunda bodi ya mafunzo ya ujenzi inayotoza kampuni za sekta nzima na kuwafidia wanaofundisha. Sisi tuna tozo ya mafunzo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mwajiriwa, lakini mjenzi ambaye watu wake wote ni vibarua wasioandikwa popote huchangia kidogo mno kulingana na ujuzi anaoutumia. Wengine wanahofu kwamba tutafundisha na Ujerumani itachukua, hasa baada ya mkataba wa ajira uliotiwa saini Berlin Septemba 2024. Wacha wachukue. Mtu mwenye ujuzi anayetuma pesa nyumbani si hasara; hasara ni kubaki na kizazi ambacho hata Ujerumani haikihitaji.

Nisisahau wanawake, ambao ni wengi langoni na wachache kwenye jukwaa. Wanaoingia hupewa maji ya kubeba, wakati kazi za taili, za stima na za rangi wanaziweza kikamilifu, na wachache niliofanya kazi nao walikuwa waangalifu kuliko wanaume. Kinachowazuia katika saiti nyingi ni mambo ya kawaida kabisa, kuanzia choo chenye mlango unaofungika hadi nyapara asiyedai malipo ya pembeni ili amchague mtu. Theluthi moja ya nafasi za wanagenzi ingetengwa kwa ajili yao katika mstari huohuo wa BQ.

Wajenzi wa kibinafsi wa Kilimani na Ruaka sijawagusa kwa makusudi. Kuwalazimisha kutahitaji kanuni mpya, na kanuni mpya zitahitaji mabishano ya miaka. Miradi ya umma haihitaji kusubiri hivyo, kwa kuwa mwajiri ni mmoja, pesa zinakatwa kila mwezi, na hati za zabuni huandikwa upya kwa kila mradi. Idara ya Serikali ya Nyumba inaweza kuuingiza mstari huo katika zabuni itakayotangazwa baada ya hii barua kuchapishwa, nasi tulio kwenye saiti tutajua mapema ni maswali gani ya kuuliza katika mkutano wa kabla ya zabuni.

Msimamizi wa ujenzi,
Umoja, Nairobi